Mama Kufuli na Kichwa Kilichosukwa Nusu

Jina hilo Mama Kufuli hakupewa na wazazi wake. Alilipata saluni, na kwa haki kabisa, maana mwanamke yule alifunga kila kitu. Sanduku la vitana lilikuwa na kufuli, kabati la mafuta lilikuwa na kufuli, na birika la chai lilifungwa kwa mnyororo mwembamba kwenye mguu wa meza, kwa sababu siku moja mteja alitoka nalo akidai alidhani ni mkoba wake. Maelezo hayo Mama Kufuli hajayakubali mpaka leo.

Wapo wanaozaliwa na shaka, yeye alifundishwa. Zamani alikuwa na mwanafunzi wa kusuka, binti aliyemlea kama mwanawe, wakila sahani moja na kulala chumba kimoja. Asubuhi moja binti akaingia mitini na kikaushio cha nywele, kioo kikubwa na, kibaya zaidi, wateja. Alifungua saluni mtaa wa pili akawa anasuka kwa mkono uleule aliofundishwa. Tangu hapo Mama Kufuli alimwona kila binadamu kama mtu anayeelekea mlangoni na kitu chini ya nguo. Mumewe, dereva wa lori, aliporudi safari alipokewa kwa pua kwanza, salamu baadaye. Shati likishanuswa kola ndipo alipoulizwa habari za njiani. Bwana wa watu alishazoea. Alisimama tu pale mlangoni ameinua mikono kama anapimwa suti.

"Wifi," dada wa mumewe alikuwa akimwambia, "wewe siku ya kufa utamdai malaika kitambulisho."

"Na asipokuwa nacho siendi," Mama Kufuli alijibu.

Wifi huyo alifanya naye kazi pale saluni, akiosha vichwa na kucheka na wateja. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini hakuwa na mkono mrefu, na Mama Kufuli alimwamini kiasi cha kumwachia ufunguo mmoja kati ya zile nyingi zilizoning'inia shingoni mwake. Kwa Mama Kufuli huo ulikuwa upendo mkubwa sana.

Sasa, mwaka ule mvua ilinyesha mfululizo mpaka kilima kilicho nje ya mji kikashindwa kujizuia. Udongo ulishuka asubuhi watu wakiwa majumbani, ukafukia nyumba na vichochoro. Waliopona walitawanywa kila upande: wengine hospitali ya mji huu, wengine ya mji wa pili, na watoto waliookotwa bila wazazi wakaletwa kwa malori kwenye shule ya msingi iliyopakana na saluni. Madawati yakatolewa nje, magodoro yakaingia ndani. Mtaa mzima ulisikia watoto wakilia, na ukuta wa saluni haukuwa mnene.

Mama Kufuli hakwenda kule kwa huruma. Afadhali isemwe wazi, maana baadaye watu walimvika kilemba asichokiomba. Alikwenda kwa sababu ya watu wa kujitolea. Walikuja kila asubuhi na vizibao vipya vya rangi ya chungwa, pipi mifukoni, simu za kupigia picha mkononi, na wote walikuwa wanacheka. Aliwatazama dirishani kwa jicho la pembe.

"Mtu mzima anayewachekea watoto asiowajua namna ile," alimwambia wifi yake, "ana lake jambo."

"Labda ana roho nzuri."

"Roho nzuri haihitaji picha."

Akavuka mpaka getini kuuliza ni nani aliyewachunguza watu wale. Mwalimu Mkuu, mama mfupi aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, hakuwa amelala vizuri tangu malori yafike, na subira yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Dada yangu," alisema, "kama unataka kuingia, ingia ufanye kazi. Wa kusimama getini na kuuliza maswali ninao tele."

Basi Mama Kufuli akarudi saluni, akachukua kigoda, kitana, beseni na kopo la mafuta, akawa naye mtu wa kujitolea. Kizibao alikikataa. Alisema hajui kimevaliwa na nani kabla yake.

Vichwa vya watoto wale vilikuwa na tope lililokauka. Hakuna aliyekuwa ameliwazia hilo. Walikuwa wameletewa mipira, vitabu vya kupaka rangi, na bwana mmoja alikuja na pua nyekundu ya plastiki akawatisha wadogo wote. Mama Kufuli akaketi kwenye korido ya darasa la pili, akamwita wa kwanza, akamkalisha chini kati ya magoti yake, mgongo kwake, uso uwanjani, kama anavyokalisha kila anayemsuka. Akaosha, akachana polepole kuanzia ncha, akapaka mafuta, akaanza kusuka mistari kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Na hapo akagundua kwamba mtoto aliyekaa hivyo, kwa kuwa haoni uso wa mtu, husema. Mmoja alisimulia jinsi mbuzi wao alivyolia kabla ya udongo kushuka. Mwingine aliuliza kama mtu aliyefukiwa anaweza kusikia akiitwa. Mama Kufuli alijibu alichoweza, huku vidole vikiendelea. Jioni ile alikaa jikoni kwake akalia sana, halafu akainuka kwenda kuhakikisha kufuli la mlango limeshika.

Shaka yake ilipata heshima pale shuleni kwa kisa cha mama mwenye hereni. Alikuja mwanamke amependeza, hereni kubwa zikicheza masikioni, akasema anamtafuta mtoto wa dada yake. Akaelekezwa darasani. Watoto wale walikuwa na kiu ya mzazi yeyote, na alipofungua tu mikono, mtoto mmoja wa kiume alimkimbilia akilia "Mama!" Watu wakafuta machozi, simu zikainuliwa. Mama Kufuli peke yake alisimama mlangoni na kitana mkononi akagoma kupisha.

"Huyu mtoto jana aliniita mimi mama," alisema. "Juzi alimwita mpishi mama. Kabla hujambeba, dada, niambie ana kovu wapi."

Yule mwanamke akababaika. Akasema amesahau, akasema picha iko kwenye gari, ngoja akailete. Gari halikuwepo, na yeye hakurudi. Mguu wa mtoto ulikuwa na kovu la moto refu kama kiganja, ambalo mtu wa ndani ya nyumba asingelisahau.

Tangu siku hiyo ikawekwa kanuni, na kanuni ilikuwa ya Mama Kufuli: mgeni haoni mtoto kwanza. Anasimama nje ya geti, lile la bati zito, anaeleza mtoto wake yukoje, na maelezo yakilingana ndipo mtoto analetwa. Mwalimu Mkuu alimwita pembeni akamshukuru, akamwomba asiwaache. Mama Kufuli alirudi saluni akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kati ya watoto hao alikuwepo msichana mdogo, wa umri wa kuanza chekechea. Hakusema, hakulia. Hata aitwe kwa jina gani hakugeuka, kwa hiyo vijana wa vizibao wakamwita Kimya. Alijifunga kitambaa kichwani, na aliyekigusa aling'atwa. Mama Kufuli alimwacha makusudi. Aliwasuka wenzake wote mbele ya macho yake, leo huyu, kesho yule, mpaka siku moja Kimya mwenyewe akaja akasimama mbele ya kigoda, akavua kitambaa.

Kichwa kilikuwa kimesukwa nusu. Upande wa kushoto ulikuwa na mistari, upande wa kulia ni nywele wazi zilizogandamana na tope. Aliyekuwa akisuka hakupata nafasi ya kumaliza. Mama Kufuli akajifanya anatafuta kitana.

Kisha akaangalia kwa jicho la kazi, akaona kioja. Mistari ile ilikuwa imesukwa kinyume. Ilianzia kisogoni ikapanda mbele, na vimikia vyake vikaangukia juu ya jicho la mtoto. Hakuna msusi anayesuka hivyo. Kingekuwa kichwa kingine chochote, Mama Kufuli angecheka mpaka mbavu ziume, na wateja wangehadithiwa mwezi mzima. Lakini mama aliyesuka kichwa hiki, kwa akili yake, alikuwa chini ya udongo, na Mama Kufuli pamoja na yote hakuwa mtu wa kuicheka kazi ya marehemu. Jambo hilo hakumwambia mtu, hata wifi yake.

Akamkalisha mtoto chini, mgongo kwake. Mtoto akageuka, akamtazama usoni, akataka kulaza kichwa mapajani pake.

"Kaa vizuri, mwanangu," alisema Mama Kufuli, akamgeuza.

Mtoto akageuka tena. Akageuzwa tena. Mwisho Mama Kufuli alimshika mabega kwa magoti, kwa upole lakini kwa nguvu, akaifumua ile mistari ya kushoto, akaosha, akasuka kichwa chote upya: mistari myembamba, iliyonyooka, ya kumfaa bibi harusi. Hapo ndipo Kimya alipolia kwa mara ya kwanza. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Vijana wa vizibao walifurahi, wakasema machozi ni dalili njema, mtoto ameanza kufunguka. Mama Kufuli naye akaamini hivyo, kwa sababu ilimfaa kuamini.

Kesho yake saluni, huku akisuka, alisimulia habari ya kichwa kilichosukwa nusu, upande wa kushoto tu, na mama aliyefukiwa kitana kikiwa mkononi. Hicho kitana alikitia yeye kama chumvi. Wateja walilia. Wifi alilia kuliko wote, halafu akakipeleka kisa sokoni kibichi kibichi. Haukupita muda muuza nyanya akamshika Mama Kufuli mkono na kumsimulia kisa hicho kama habari mpya.

Ndipo alipokuja mwashi mmoja.

Alikuwa mwanamume mrefu, bandeji kichwani, anachechemea, amevaa shati la kuazima lililoishia katikati ya mikono. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepasukapasuka kwa saruji. Mwalimu Mkuu na Mama Kufuli walitoka kumsikiliza, geti likafungwa nyuma yao.

"Namtafuta binti yangu," alisema. "Bado mdogo. Mimi nilizindukia hospitali ya mji wa pili. Tangu waniruhusu nazunguka kambi moja baada ya nyingine."

"Ana alama gani?" Mama Kufuli aliuliza.

"Hana kovu."

"Alivaa nini?"

"Sikumbuki vizuri, mama. Gauni la kulalia, nadhani. Ilikuwa asubuhi." Kisha akasema, "Kichwa chake kimesukwa nusu. Upande wa kushoto. Nilikuwa namsuka."

Mwalimu Mkuu akashtuka, akamgeukia mwenzake. Mama Kufuli hakushtuka. Alihisi raha fulani ya baridi, raha ya mtu aliyemkuta mwizi mkono ungali ndani ya sanduku.

"Nani alikuwa anamsuka?"

"Mimi, mama. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya."

"Wewe. Kwa vidole hivyo."

Mwashi akavitazama vidole vyake kama vile navyo vimemwangusha. "Ndiyo," alisema.

Mama Kufuli akamvuta Mwalimu Mkuu pembeni. "Hiyo habari ya nusu kichwa nimeisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Saa hizi iko sokoni, iko stendi, bado redioni tu. Huyu kaiokota njiani. Tena kaiokota vibaya, angalau angesema mkewe ndiye aliyekuwa anasuka. Mwanamume gani anasuka?"

"Na kama anasema kweli?"

"Mwenye kweli ana karatasi."

"Karatasi zao ziko chini ya udongo, dada. Na ofisi ya mtaa wao, na mwenyekiti wao."

"Ndiyo maana waongo wataupenda sana udongo huu."

Mwashi alikuwa ametaja jina la mtoto. Mwalimu Mkuu akaingia ndani, akaliita mlangoni mwa darasa. Waligeuka watoto kadhaa waliokuwa wakigeukia jina lolote, lakini Kimya alibaki anatazama ukuta, kama kawaida yake. Mwalimu akatoka, akatikisa kichwa.

"Hapa hatuna mtoto mwenye kichwa kilichosukwa nusu," Mama Kufuli alimwambia yule mtu. Na hilo halikuwa uongo. Yeye mwenyewe alikuwa amehakikisha.

Mwashi hakugomba wala kupaza sauti. Aliitikia tu, akavuka barabara, akakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akitazamana na geti. Hilo nalo Mama Kufuli aliliweka kwenye hesabu zake. Mzazi wa kweli, alisema, angevunja geti kwa mabega. Huyu anakaa kimya anasoma nani anaingia, nani anatoka, saa ngapi mlinzi anakwenda kula. Kesho yake alikuwa palepale. Keshokutwa palepale. Mama Kufuli alisuka wateja huku shingo imegeukia dirishani, mpaka mmoja akalalamika kwamba mistari yake inaelekea barabarani.

"Wifi, yule kaka hajala kitu tangu asubuhi," dada wa mumewe alisema, akafungua mnyororo wa birika kwa ule ufunguo wake, akampelekea chai. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Ananiuliza kama watoto wanapewa maziwa."

"Swali zuri. Hata mimi ningekuwa tapeli ningeuliza hivyohivyo."

"Wewe una ugonjwa."

"Na mtoto wa kovu angekuwa wapi leo, bila ugonjwa wangu?"

Wifi akarudi kuosha kichwa cha mteja. Kama Mama Kufuli angekuwa amekosea siku ya hereni, watu wangemcheka na yamekwisha. Alikuwa amepatia, na ndiyo maana sasa mtaa mzima ulimsikiliza yeye.

Mara ikaja amri kwamba shule ifunguliwe. Watoto ambao hawajapata mtu wao wangehamishwa Ijumaa kwenda makao ya watoto katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na huko wangegawanywa tena. Kimya alikuwa mmoja wao. Mama Kufuli alipolisikia hilo, akilini alimwona yule mwashi akilifuata basi lile, akifika kwenye geti lingine lisilo na mtu wa kumjua. Huko angesema habari zake upya kwa watu wenye huruma nyingi na macho kidogo, wangempa mtoto, na mtoto angepotea kabisa. Hapana. Mwongo yule angevuliwa nguo hapahapa, mbele ya watu, kabla basi halijawasha moto.

Ijumaa asubuhi basi lilikuja likaegesha mbele ya shule. Ndani ya uwanja watoto walipangwa mstari, kila mmoja na kifurushi chake. Nje walikusanyika majirani, wanawake wa sokoni na vijana wa vizibao wakipiga picha za mwisho. Mama Kufuli akatoka saluni na kigoda mkono mmoja, na mkono wa pili amemshika binti mdogo wa wifi yake, mtoto mwenye nywele nyingi kama kichaka na maneno mengi kama mama yake. Akaweka kigoda katikati ya barabara.

"Bwana mwashi!" aliita. "Ulisema unajua kusuka. Haya. Kitana hiki hapa, kichwa hiki hapa. Suka tuone."

Watu walisogea. Wengine walianza kucheka kabla hakijatokea kitu. Mwashi akainuka polepole kutoka kwenye kizingiti chake.

"Nikisuka, mtaniruhusu niwaone watoto?"

"Suka kwanza."

Akaja akichechemea, akaketi, akapokea kitana. Mama Kufuli alisimama mbele yake amekunja mikono, akingoja vile vidole vinene vijikwae kwenye nywele. Lakini mwashi hakumgeuza mtoto. Hakumweka kati ya magoti mgongo kwake. Alimvuta taratibu mpaka wakatazamana.

"Piga magoti hapa, mwanangu," alisema. "Laza uso wako hapa mapajani. Ukichoka uniambie."

Binti wa wifi akalaza uso. Mwashi akainama juu ya kichwa chake, akagawa nywele pale kisogoni, akaanza kusuka kuja mbele, akivuta mstari kuelekea kwake.

"Jamani, kaanzia mwisho!" alipiga kelele muuza nyanya.

"Anarudi nyuma kama kaa!" mwingine akadakia, na barabara nzima ikaangua kicheko.

Mama Kufuli hakucheka. Aliiona tena ile mistari aliyoifumua, ikipanda kutoka kisogoni, na vile vimikia juu ya jicho. Habari hiyo haikuwa sokoni wala stendi, maana haikuwahi kutoka mdomoni mwake. Akamwona na mtoto akigeuka, naye akimgeuza, mtoto akigeuka tena, naye akimbana mabega kwa magoti yake mwenyewe. Aliona aibu iliyomfanya atamani ardhi ipasuke pale pale.

"Kwa nini unasuka hivyo?" aliuliza.

"Ndivyo nijuavyo, mama." Mwashi hakuinua kichwa. "Wangu hakubali kunipa mgongo. Tangu mama yake afariki, asiponiona usoni analia. Basi analaza kichwa hapa, namsimulia hiki na kile, nasuka kuja kwangu. Najua sivyo inavyosukwa. Hata majirani walikuwa wananicheka."

Kicheko barabarani kilianza kupungua, kwa sababu watu walikuwa wameuona uso wa Mama Kufuli.

"Mtoto wake yupo," alisema, akimgeukia Mwalimu Mkuu. Akarudia kwa nguvu ili kila mtu asikie. "Mtoto wake yupo humo ndani. Alikuwa amesukwa hivi hivi, kinyume, na mimi ndiye niliyemfumua. Nilimfumua, halafu nikamwambia baba yake hatuna mtoto kama huyo."

"Dada, kanuni inasema..."

"Kanuni ni yangu. Fungua geti."

Kimya alikuwa kwenye mstari wa basi, kitambaa kichwani, kifurushi kifuani. Mama Kufuli alimshika mkono akatoka naye. Hakuona kama ana haki ya kumwambia kitu. Walipofika barabarani mtoto akasimama.

Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alimtazama yule mtu aliyeketi kwenye kigoda, kisha akauacha mkono wa Mama Kufuli, akaenda, akamsukuma pembeni binti wa wifi kama mtu anayedai nafasi yake kwenye foleni. Akapiga magoti. Akalaza uso mapajani, akatulia, akingoja.

Mwashi alikuwa amedondosha kitana. Mikono yake ilibaki hewani kwa kitambo, haijui pa kushika, halafu ikashuka kichwani kwa mtoto ikavua kitambaa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni naye hakuyafuta. Vidole vikapapasa upande wa kushoto, vikapapasa upande wa kulia, vikakuta mistari myembamba iliyonyooka kila mahali.

"Baba," sauti ilisema kutoka mapajani, sauti ya kukwaruza, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi. "Malizia."

"Imekwisha, mwanangu. Wamekumalizia. Umependeza sana."

"Malizia wewe."

Mwashi akainua macho akamtazama Mama Kufuli, si kwa hasira, kwa kuchanganyikiwa tu, kama anayeomba ruhusa ya kugusa kitu cha watu. Hilo lilimuuma Mama Kufuli kuliko tusi lolote. Akaokota kitana vumbini, akakipangusa kwenye kanga yake, akapiga magoti upande wa kulia, ule upande ambao baba hakuwahi kuufikia, akaanza kuifumua kazi yake.

Wifi akaja akachuchumaa karibu yake na beseni la maji. Basi lilipiga honi, watoto wakapanda, watu wakawapungia mikono. Mama Kufuli hakugeuka kutazama. Aliendelea kufumua, mstari baada ya mstari, na kazi ilikwenda polepole, kwa sababu alikuwa ameifunga sana.